Glukosi, Kamba na Fimbo za Maharage

Mwaka 2014 nilikuwa na kopo la glukosi kwenye droo ya meza yangu ofisini Kibondo, na niliamini kabisa kwamba kopo lile ndilo litakalonipeleka nyumbani Morogoro. Sijitetei. Nilikuwa afisa lishe wa wilaya, mtu anayelipwa mshahara kuwaambia wengine wale nini na lini, na kwa hiyo katika mambo ya chakula sikuwa mtu wa kuambiwa. Kusikiliza ninapojua kuliko wengine, au ninapodhani najua, ni kazi ambayo sikuzaliwa nayo.

Nilipangiwa Kibondo mwaka 2012, nikitoka chuoni. Watu wa kwetu waliposikia Kigoma walinipongeza kwamba nitakula samaki wabichi kila siku. Hawakujua kwamba kutoka Kibondo hadi ziwani ni safari ya kutwa. Tulikuwa na vilima, migomba, muhogo, vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na asubuhi za baridi ambazo ziliwafanya watumishi wa kutoka pwani waende kazini na masweta kama wagonjwa. Nilizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni umbali. Mama yangu nilimwacha nje kidogo ya mji wa Morogoro na mdogo wangu wa kiume, fundi seremala anayetoka alfajiri na kurudi jioni. Katika idara yangu nilikuwa peke yangu, na kila nilipoomba likizo kulikuwa na kampeni ya chanjo, au ya matone ya vitamini, au ugeni kutoka mkoani. Miaka miwili ilikuwa imepita bila kumwona mama.

Ndipo likaja tangazo la michezo ya watumishi. Timu zitashindana mkoani, Kasulu, na washindi watakwenda kwenye mashindano ya taifa mwezi wa nane. Mwaka ule mashindano ya taifa yalikuwa Morogoro. Nilisoma tangazo lile mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kwa afisa michezo kujiandikisha kuvuta kamba.

Sikuwa mwanamichezo. Mbio zilinishinda tangu shule ya msingi. Lakini Mungu alinijalia uzito, na kamba ni mchezo pekee ninaoujua ambao mwanamke akitaja kilo zake watu wanampigia makofi. Tulikuwa wanane na mmoja wa akiba: wauguzi wawili, walimu wawili, mhasibu, bwana shamba ambaye alikuwa mwanamke lakini kila mtu alimwita hivyo, mimi, na mama wa chai.

Huyu mama wa chai ndiye ninayetaka kumweleza. Alikuwa mhudumu wa ofisi yetu, Muha wa Kumsenga, umri wake umeshavuka hamsini. Alifagia, alipiga deki, alichemsha chai ya saa nne. Mfupi, mpana, miguu yake ikikanyaga chini unaona imekanyaga. Salamu yake haikuwa ya kupita. Hata ukiwa unakimbilia kikao, atasimama mbele yako, atapiga makofi taratibu, atasema "Mwakeye", yaani umeamkaje kwa Kiha, kisha ataulizia usingizi wako, nyumba yako, na wazazi wako mmoja mmoja. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikagundua kwamba yeye ndiye mtu pekee pale Kibondo aliyekuwa akiniuliza habari za mama yangu kila siku ya kazi. Kwenye kamba tulimweka mwisho kabisa, yule ambaye kamba hupita chini ya kwapa lake na kuzunguka mgongoni, ambaye akiteleza yeye, timu nzima imeteleza.

Mazoezi yalikuwa saa kumi jioni katika uwanja wa shule. Sisi wengine tulitoka ofisini moja kwa moja. Yeye alipitia kwanza shamba lake, akafika na jasho usoni na majani yamemng'ang'ania kwenye kanga.

"Mama, unakuja mazoezini umeshachoka," nilimwambia siku moja.

"Sijachoka, mwanangu. Nimekuja mwili umeamka. Ninyi miili yenu bado imelala kwenye viti."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na nadharia yangu. Jioni nilikuwa nikisoma kwenye simu, pale mtandao uliponihurumia, habari za wanamichezo na wanachotumia kabla ya mashindano. Nilisoma kwamba msuli una akiba yake ya nguvu na kwamba akiba hiyo huisha. Ukurasa uliofuata, uliohusu kupasha mwili moto, ulikataa kufunguka. Kwa nusu ile niliyoisoma nikajenga nyumba nzima: akiba isiguswe kabla ya wakati, na juu yake iongezwe sukari ya haraka. Afisa michezo alipotuzungusha uwanja mara mbili na kutunyoosha viungo, nililalamika kwamba anatumaliza. Alikuwa kijana mpole. Nilikuwa na cheo kidogo juu yake na sauti kubwa zaidi. Baada ya wiki mbili aliacha kutuzungusha.

Badala yake nikaleta kopo. Kila mtu alipata kijiko kimoja cha glukosi kwenye kiganja, akalamba. Waliipenda. Wauguzi walichekana midomo myeupe, mhasibu akaomba cha pili. Ladha yake ya ubaridi mdomoni ilitufanya tujione tunaongezeka nguvu pale pale. Mama wa chai alitazama ule unga, akautazama uso wangu.

"Oya, hapana. Hii si ile ya wagonjwa?"

"Ni ya nguvu, mama."

"Basi wape wasio na nguvu."

Aliendelea na yake: ugali wa muhogo na maharage mchana, viazi vitamu vya kuchemsha alivyofunga kwenye kitambaa, maji. Ninaandika haya nikijionea haya, maana ndicho chakula nilichokuwa nikiwahubiria akina mama kliniki kila Jumatano, nikiwa na picha za rangi ukutani. Nilikuwa nawaambia wasiwanunulie watoto vitu vya kopo wakati wana mahindi, maharage na karanga nyumbani. Kisha saa kumi nakwenda uwanjani na kopo langu.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, kabla hata hatujaenda Kasulu, nilimpigia mama simu.

"Mwezi wa nane nakuja," nikamwambia.

"Umepata likizo?"

"Nakuja na timu. Tunavuta kamba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe uliyekuwa unapumzika mara tatu kutoka bombani na ndoo ndogo?" Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Njoo, mwanangu. Njoo kwa vyovyote." Jioni ile mdogo wangu alinitumia ujumbe kwamba mama ameshawaambia majirani wote, na anauliza watu wanane wa timu watakula nini. Ahadi nilikuwa nimeshaitoa, na kamba ya Kasulu hatujaishika.

Tulikwenda Kasulu siku moja kabla. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi, tukafika wekundu nyusi hadi kope, tukalala katika bweni la shule iliyokuwa karibu na uwanja. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Kasulu inayoingia hadi kwenye mifupa. Nilipotoka nje nikamkuta mama wa chai ameshika ufagio wa miti, anafagia ua wa bweni lisilo lake. Nikaenda nikamnyang'anya.

"Mama, leo hufagii. Leo wewe ni mchezaji. Kaa."

"Ninapasha mwili."

"Mwili usiuguse. Kaa kwenye kiti."

Nilidhani namheshimu. Tulikuwa tumevaa traksuti mpya za bluu zenye jina la wilaya mgongoni, na katika mji kama ule mtu aliyevaa hivyo ni ofisa, hashiki ufagio wala ndoo. Vijana wa uwanjani walituletea viti vya plastiki chini ya turubai kabla hatujaomba. Tukaketi kwa safu, miguu pamoja, kama wageni wa harusi. Yeye alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono imelala mapajani haijui pa kwenda.

Ratiba ilisema saa tatu. Kwa hiyo saa mbili na nusu niligawa dawa yangu. Kila mtu bilauri ya maji yenye vijiko viwili vya glukosi vilivyojaa, na juu yake kopo moja la kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho vijana wa bodaboda walikuwa wameanza kukinywa mijini. Wengi wetu hatukuwa tumekula kitu, baridi ilikuwa imetufunga matumbo. Mimi nilikunywa makopo mawili, kwa sababu nilitaka kushinda kuliko wote. Mama wa chai alikunywa glukosi nusu bilauri kwa ajili ya kuniridhisha. Kopo alilirudisha bila kulifungua.

Saa tatu ikafika. Mgeni rasmi hakufika. Yeyote aliyewahi kuwa mtumishi wa umma angeweza kunikumbusha jambo hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa mtumishi wa umma. Kwa nusu saa ya kwanza tulikuwa moto kweli: tunaongea wote kwa pamoja, tunacheka visivyochekesha, muuguzi mmoja anapiga mguu chini bila kujua. Ilipofika saa nne mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Mhasibu alipiga miayo, mwalimu mmoja akasema kichwa kinamuuma, mwingine akaulizia choo kwa mara ya tatu. Moyo wangu ulikuwa ukienda mbio nikiwa nimekaa, na vidole vilitetemeka hadi nikavikalia. Mgeni rasmi alikuja saa tano. Akahutubia. Afya ni mtaji wa mtumishi, alisema, nasi tukapiga makofi kwa mikono baridi.

Timu za wanawake zilikuwa tatu tu: Kasulu, Kakonko na sisi. Kila timu ingevutana na nyingine, kisha mbili bora zikutane tena kumaliza ubishi. Afisa michezo alitangaza kwetu jambo moja mapema, ili lisije likaleta manung'uniko. Gari la kwenda Morogoro lina nafasi za watu wanane na yeye. Watakaovuta mchezo wa mwisho ndio watakaoandikwa majina.

Tukaanza na Kasulu. "Shika kamba! Kaza! Vuta!" Kwenye ile "vuta" nilituma mwili wangu nyuma, na mwili haukwenda. Sijui niseme vipi. Niliuamuru, ukachelewa. Miguu ilikuwa mikavu, kiuno kigumu, na mbele yangu muuguzi alitoa sauti ya mtu aliyeshtuka misuli ya mgongo. Kitambaa cha katikati kikatukimbia. Wale wanawake wa Kasulu walikuwa wametokea nyumbani kwao, wengine walikuwa wameshachota maji na kuandaa watoto asubuhi ile, na walituvuta kama tulivyo, hata na viti vyetu, wangetaka. Mvuto wa pili ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza.

Tukarudi chini ya turubai. Mwalimu mmoja alitapika nyuma ya gari, maji matamu matupu. Mimi, na hili ndilo linaloniuma zaidi, nilikuwa nafungua kopo la pili la glukosi. Nilifikiri tulipunguza kipimo. Mama wa chai alisimama, akanishika mkono, akalichukua kopo kutoka kwangu kama nilivyochukua ufagio wake asubuhi, akaliweka chini ya kiti.

"Tumebakiza muda gani kabla ya Kakonko?" akamuuliza afisa michezo.

"Wanaume watavuta kwanza, mama. Nusu saa, labda zaidi."

"Inatosha. Twende."

Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Nyuma ya uwanja, baada ya ua wa matete, kulikuwa na mji wa familia moja iliyokuwa ikipura maharage. Ulikuwa msimu wake. Mashina makavu yamerundikwa juu ya turubai, na wanawake watatu wamesimama na fimbo ndefu wanapiga kwa zamu, vumbi la maganda limewafunika. Mama wa chai alichuchumaa kidogo, akapiga makofi, akasalimia kwa Kiha, na salamu ile haikufupishwa hata siku hiyo. Mwenye mji alipotuona na traksuti zetu alishtuka, akaacha fimbo akakimbilia ndani kuleta viti.

"Oya, viti tumetoka kuvikalia," mama wa chai alimwambia kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. "Tupeni fimbo."

Alinieleza baadaye kwamba kwao hupiti kwa mtu anayepura ukamwachia kazi yake kwa maneno matupu. Unapokea fimbo, unampigia kidogo, unaendelea na safari. Kwa hiyo hatukuwa tunaomba kitu cha ajabu. Cha ajabu kilikuwa mavazi yetu tu.

Tukapokea fimbo. Mwanzo kila mtu alipiga kivyake, ovyo, kisha mwanamke mmoja wa pale akaanza wimbo wa kazi na mapigo yakajipanga. Unainua fimbo kwa mgongo mzima, unashuka nayo kwa magoti, unapumua inapotua. Polepole kwanza, halafu kwa kasi, halafu kwa nguvu zote kwa muda wa ubeti mmoja, halafu polepole tena. Dakika tano hazikuisha nikaona jasho kwenye shingo ya mhasibu. Kumi, traksuti za juu zimevuliwa na kufungwa viunoni. Mwalimu aliyetapika alikuwa anacheka. Maharage yaliruka kutoka kwenye maganda na kutugonga miguuni. Mwenye mji alituletea maji ya mtungini na kipande cha kiazi kwa kila mtu, na mama wa chai akasimamia tusinywe mengi.

Mimi peke yangu sikuingia kwenye mapigo. Nilipiga, lakini fimbo ilitetemeka mikononi na mara nyingi ilitua pembeni, kwenye udongo. Makopo mawili yalikuwa bado yananikimbiza ndani. Mwenye mji alinicheka kwa upole, akaniambia nipumzike. Nilikataa.

Kakonko tuliwashinda mivuto miwili mfululizo. Safari hii ile "vuta" ilipotoka, safu nzima ilikaa chini kwa pamoja kama mtu mmoja mzito, na kamba ikatusikiliza. Watu wa Kibondo waliokuja kushangilia walirukaruka. Ila mimi nilijua kitu ambacho nilitumaini hakuna mwingine anayekijua. Katika mvuto wa pili kamba ilikuwa inapita kwenye viganja vyangu. Sikuivuta. Niliisindikiza.

Mama wa chai alinifuata nilipokwenda kunawa.

"Mwanangu, mchezo wa mwisho usivute wewe."

"Kwa nini?"

"Mwili wako leo umekataa. Yule msichana wa akiba yuko tayari, amepura vizuri. Avute yeye."

Yule wa akiba alikuwa karani wa masijala, mtoto wa familia iliyokuja zamani kutoka Burundi na sasa ni raia kama sisi, msichana mkimya mwenye mabega ya kulimia. Nilimtazama kwa mbali nikamchukia bila kosa lolote.

"Mama, unajua Morogoro ni wapi?" nilisema. "Unajua nani yuko Morogoro?"

"Najua. Ninamuulizia kila siku."

Hasira zikanipanda. Nilisema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi inifunike. Nilisema, "Wewe ni wa chai. Mimi ndiye niliyeianzisha timu hii."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliifunga kanga yake upya kiunoni juu ya traksuti, taratibu, kisha akasema, "Ego, ndiyo. Mimi ni wa chai. Lakini ninashika mwisho wa kamba, na kule mwisho ninajua nani anavuta na nani anavutwa." Akaondoka akaniacha na bomba linatiririka.

Nikafunga bomba. Ningeweza kunyamaza na kuvuta, maana hakuna ambaye angenitoa. Afisa michezo alikuwa ananiogopa. Tukishinda, nakwenda kwa mama. Tukishindwa kwa sababu yangu, hakuna anayekwenda, na mimi mwenyewe nabaki. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu, lakini sitaki kusema kwamba ilikuwa hesabu. Nilimfikiria yule mwalimu aliyetapika nyuma ya gari kwa sababu ya maji niliyomkorogea mimi, na alikuwa amerudi kwenye kamba bila kunilaumu. Nikaenda kwa afisa michezo, nikamwambia aandike jina la karani. Alinitazama kama aliyesikia vibaya. Nikamwambia aandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Mchezo wa mwisho ulikuwa mrefu. Kasulu walichukua mvuto wa kwanza, sisi wa pili. Katika wa tatu kitambaa kilisimama katikati kisiende huku wala kule, nami nilikuwa pembeni mwa mstari nikipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Karani alikuwa amelala karibu usawa na ardhi, mishipa ya shingo imesimama. Mama wa chai, kule mwisho, alikuwa amefumba macho. Akapiga hatua moja nyuma. Kisha ya pili. Kisha wote wakaanza kutembea kinyumenyume kama watu wanaorudi nyumbani kwao bila haraka, na kitambaa kikavuka. Nilifurahi na nilichukia, vyote viwili, na nililia kwa vyote viwili. Watu walidhani ni furaha tu.

Baadaye nilijisomea kwa makini zaidi, ukurasa wote. Mvutano mmoja wa kamba ni wa dakika chache tu. Mwili wenye afya uliokula jana unayo tayari nguvu inayotosha kwa kazi hiyo, na glukosi ya saa mbili na nusu asubuhi haikuwa na la kuongeza. Kilichohitajika ni damu ifike kwenye misuli na misuli ikumbuke kazi. Kuna vitabu vinavyosema hivyo kwa maneno marefu. Niliwaeleza timu kosa langu katika mazoezi yaliyofuata, mbele ya wote, na mama wa chai nilimwomba radhi ofisini, mlango ukiwa wazi ili wengine wasikie. Alipiga makofi yake, akauliza nimeamkaje.

Nililoshindwa ni la nyumbani. Niliomba likizo ya kuifuata timu, nikaambiwa nisubiri kampeni iishe. Nilimpigia mama nikamwambia, "Timu inakuja Jumamosi, watafika nyumbani." Akasema, "Haya, karibuni." Sikumwambia neno lolote la uongo. Nilimwacha tu aelewe alivyotaka kuelewa, kwa sababu sikuwa na moyo wa kusikia sauti yake ikibadilika. Nilijiambia atajionea mwenyewe kwamba simo, na watamweleza, na yatakwisha. Nikampa mama wa chai dumu la asali na maelekezo ya njia.

Walitolewa siku ya kwanza huko Morogoro, na wakarudi wakicheka. Jumatatu ya wiki iliyofuata mama wa chai aliniletea chai, na badala ya kutoka akaketi kwenye kiti cha wageni. Hakuwahi kuketi ofisini kwangu.

"Kwenu tulifika," akasema. "Mdogo wako alitutengenezea benchi. Mama yako alikuwa barazani, amevaa vizuri, amejipaka mafuta. Aliposikia viatu vyetu alisimama akacheka, lakini alicheka akielekea upande ambao hatukuwapo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka.

"Haoni, mwanangu. Tangu masika. Alimkataza mdogo wako asikwambie, aliogopa utaacha kazi."

Aliendelea kwa sauti ileile ya taratibu, kama anayetaka kila neno lifike.

"Alisema tumpe mikono, mmoja mmoja. Tukapanga mstari. Anashika mkono, anapapasa kiganja, vidole, hadi kwenye kiwiko, anasema karibu mwanangu, anauachia, anaomba mwingine. Hatukujua. Tulidhani ndiyo salamu ya kwenu, tukaona ni salamu nzuri, na sisi tukawa tunapiga makofi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinishika muda mrefu sana. Halafu akaniuliza, 'Mmekwisha?'"

Mama wa chai aliangalia mikono yake.

"Nikamwambia, ego mama, tumekwisha. Ndipo nikajua alikuwa anakutafuta."

Kesho yake alfajiri nilipanda basi la Morogoro bila barua ya ruhusa.